Bangili ya Cheptiret: Fedha Hii Ni ya Nani?

Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, ukishaipita Burnt Forest, unafika Cheptiret, senta ya barabarani ambapo njia ya Chuo Kikuu cha Moi inaachana na barabara kuu. Matatu husimama, wanafunzi hushuka na mabegi yao, wachuuzi huwakimbilia abiria madirishani. Mchuuzi mmoja alikuwa ametandika kitambaa cheusi chini na kupanga juu yake hereni, mikufu na bangili nyeupe. Kitambaa cheusi kina kazi yake: juu yake hata kifuniko cha chupa hung'ara.

Mwanafunzi mmoja alinunua bangili pale. Dada yake alikuwa na koito mwisho wa mwezi, siku ambayo wazee wa pande mbili huketi kupatana mahari, naye alitaka kumvisha kitu cha nyumbani. Pamoja na bangili, mchuuzi alimpa maneno matatu: ni fedha, ni ya asili, ni ya Wakalenjin. Alipoiweka juu ya meza ya hoteli ya chai, maneno yote matatu yakapata wa kuyapinga.

Sauti zilizomo humu nimezipanga mwenyewe, kama ngonjera isiyo na vina, nami nimeshika kiti cha mwenyekiti. Mezani wako wanne. MWANAFUNZI ndiye mwenye bangili. KOGO, yaani bibi, ni mama yake mwenye hoteli; ndewe zake zilitobolewa na kuvutwa ujanani, kisha zikashonwa. MWALIMU ni mstaafu wa somo la historia. SONARA ni mzee wa Lamu aliyekuja kumwona mwanawe anayefanya kazi Eldoret, na amefua fedha tangu utotoni. Hoja iliyo mbele yao ni hii: pambo la fedha ni mali ya asili ya kabila.

MWANAFUNZI: Naiunga mkono hoja. Tazameni picha za watu wa kaskazini na wa Bonde la Ufa. Msamburu ana vipande vyeupe vinavyoning'inia usoni, Mturkana ana hereni nyeupe zenye umbo la jani, Mborana ana mkufu mweupe wa shanga nene. Sisi ni jirani zao. Tumechunga nao, tumepigana nao, tumeoana nao. Kwa nini tuwe sisi peke yetu tusiokuwa na fedha? Naamini ilikuwepo ikapotea. Bibi zetu waliambiwa na misheni kwamba mapambo ni ushenzi. Msichana aliyetaka shule alivua kila kitu mlangoni, na ndewe zikashonwa. Kwa hiyo nikinunua bangili hii, narudisha kilichovuliwa. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa.

KOGO: Hebu ilete. Mh. Nyepesi kama ganda la yai. Mjukuu wangu, hii ni sufuria.

MWANAFUNZI: Kogo, umejuaje hata hujaikwaruza?

KOGO: Nimepika miaka sitini. Mkono wangu unaijua sufuria hata gizani. Hayo ya misheni umesema kweli, ndewe zangu hizi hapa, zitazame. Lakini kilichovuliwa wewe hukukiona. Mama yangu alivaa chuma. Waya wa chuma uliozungushwa mkononi, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kifundoni kwenda juu. Kila asubuhi aliupaka mafuta usishike kutu, na mafuta yale yakaacha alama kwenye kila alichogusa. Akirudi kutoka mtoni tulimsikia kabla hatujamwona. Hakikuwa kitu cheupe. Kilikuwa cheusi, kilikuwa kizito, na kwa baridi ya huku, alfajiri kilimuuma mkono.

MWENYEKITI: Kiganja cha Kogo ni shahidi mzuri, ila mjadala unataka ushahidi ambao mwingine anaweza kuurudia nyumbani kwake. Mwenye hoteli akaleta mizani ndogo anayopimia majani ya chai. Bangili ikatoa gramu 14. Tukajaza glasi maji mpaka ukingoni, tukaiweka ndani ya bakuli kavu, tukaizamisha bangili kwa uzi. Maji yaliyomwagika tukayavuta kwa bomba jipya la sindano, lile la kudungia ng'ombe, ambalo halikosekani kwenye kabati za huku. Yakawa mililita 5. Gramu 14 ukizigawa kwa mililita 5 unapata 2.8. Mililita moja ya alumini ina gramu 2.7, ya fedha ina gramu 10.5. Neno la kwanza la mchuuzi likaanguka hapo hapo.

SONARA: Lakini msimcheke binti, wala msiicheke sufuria. Kule kaskazini, kwa Wagabra na Waborana, wako mafundi waitwao tumtu. Huyeyusha sufuria kuukuu wakatengeneza zile shanga nene nyeupe ulizoziona kwenye picha. Ni kazi ya mkono, na ni nzuri. Vile vipande vya Wasamburu navyo, vingi siku hizi ni bati la alumini lililokatwa kwa mkasi. Na alumini yenyewe ni madini ya juzi. Njia ya kuitoa kwa wingi kwa umeme ilipatikana mwaka 1886. Kwa hiyo, mwanangu, ukiona pambo jeupe la kabila lolote la bara, usikimbilie kusema ni la kale. Huenda babu yake alikuwa sufuria ya kupikia ugali.

MWANAFUNZI: Na kwenu Lamu, mzee? Huko fedha si ni ya asili?

SONARA: Kuvaa fedha tumeivaa karne nyingi, hilo nalisema kifua mbele. Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, za karne ya 11. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza wanawake wa Kilwa na mikufu na bangili zao za dhahabu na fedha, mikononi na miguuni. Bibi yangu mwenyewe alikuwa na mitali ya miguuni, kekee za mikononi, majasi ya masikioni, na hirizi iliyotiwa ndani ya kijumba cha fedha. Lakini ukiniambia nikuonyeshe fedha ile ilichimbwa Lamu wapi, nitakuonyesha mchanga na mikoko. Mgodi hatuna. Fedha yetu ilikuja na majahazi, tena ikiwa na sura ya mwanamke wa Kizungu.

MWALIMU: Maria Theresa.

SONARA: Huyo huyo. Sarafu yake wazee wakiiita reale ya Sham. Sarafu pana, gramu 28 na kitu, mwanamke mnene mwenye ushungi, na mwaka 1780. Kila moja mwaka 1780! Nilipokuwa mtoto nilidhani wamezitengeneza zote kwa mwaka mmoja kisha wakachoka.

MWALIMU: Ndio mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na Bahari ya Shamu walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake, na sarafu yenye sura nyingine wakaitilia shaka. Basi mwaka ukagandishwa. Ziliendelea kupigwa Vienna, na katika karne ya 20 zikapigwa hata Rome, London na Bombay, zote zikiwa na 1780.

SONARA: Fundi aliipenda kwa sababu hakuwa na haja ya kuibahatisha: sehemu 833 za fedha katika kila elfu. Bibi arusi aliletewa reale na wazazi wake, fundi akazipima mbele yao, akazitia kwenye chungu kidogo juu ya makaa, kijana akavuta mivukuto. Mimi ndiye niliyekuwa kijana huyo. Nilikuwa nikimtazama yule malkia. Haondoki mara moja. Kwanza anang'aa, kisha kingo za sarafu zinalegea, halafu ghafla hana uso, ni tone tu linalotetemeka. Fundi akamimina, akafua kwenye fuawe. Akitaka uzi, aliivuta fedha kwenye bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu kubwa mpaka dogo, ikawa nyembamba kama unywele. Pambo likitoka motoni huwa jeusi. Likachemshwa kwa ndimu na chumvi, likarudi jeupe. Ndiyo maana Mswahili hakutafuta maneno mawili. Fedha ni madini na fedha ni pesa. Kikuku cha mke kilikuwa akiba ya nyumba, na mwaka wa njaa kilirudi kwenye mizani kikawa unga.

MWANAFUNZI: Basi nakubali madini si yenu. Ufundi je?

SONARA: Mimi unaniitaje? Sonara. Neno hilo limetoka Bara Hindi, na bangili nayo vivyo hivyo. Hirizi ni Kiarabu. Pete na kikuku ni maneno yetu wenyewe. Iko pete ya Lamu wanayoipenda wageni, yenye kigae cha kaure kilichotiwa ndani ya fedha. Kaure ni ya Mchina, kigae cha sahani iliyovunjika. Fedha ni ya Austria. Fundi ni mimi. Ukiniuliza pete hiyo ni ya kabila gani, umeniuliza bahari ni ya mto gani.

MWALIMU: Hapo naomba niingie, maana naona neno "asili" limefungiwa maswali matatu katika gunia moja. La kwanza ni la madini: yamechimbwa wapi? La pili ni la mkono: fundi alijifunza kwa nani? La tatu ni la maana: nani aliamua kwamba pambo hili huvaliwa na aliyeolewa, na lile na aliyefiwa? Majibu yake hayafanani hata siku moja. Wanavajo wa Marekani wanajulikana dunia nzima kwa fedha na feruzi, na mtalii huamini ni sanaa ya tangu na tangu. Mfua fedha wao wa kwanza anayekumbukwa ni Atsidi Sani, aliyejifunza kufua kwa fundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19, na fedha yao ya mwanzo ilikuwa sarafu za Marekani na Meksiko. Umri wake ni vizazi vichache tu. Hata hivyo, mwambie Mnavajo leo kwamba si yake, uone.

MWENYEKITI: Tushuke nyumbani, mwalimu. Uasin Gishu fedha ilifika au haikufika?

MWALIMU: Ilifika, ila si kama pambo. Ilifika ikiwa rupia ya Kihindi, sarafu ya fedha halisi, ambayo serikali ya kikoloni iliitumia hapa mpaka mwaka 1920. Lisikilizeni neno la Kikalenjin la pesa, rabinik. Rupia imo ndani yake.

KOGO: Babu yangu aliuza mbuzi apate hiyo rupia ya kodi ya nyumba. Ilikaa kwetu usiku mmoja, asubuhi ikaenda kwa DC. Nani angeiyeyusha avae? Ungevaa kodi?

MWALIMU: Kilichokaa ni waya. Misafara iliyotoka pwani ilibeba ushanga, nguo, seng'enge ya chuma na masango ya shaba. Joseph Thomson alipovuka uwanda huu mwaka 1883, akitoka Baringo kwenda Kavirondo, mizigo yake ilikuwa ya namna hiyo. Uwanda aliukuta mtupu, kwa maana Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wamekwisha kupigwa na Wamasai wenzao na kutawanyika. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, aliandika kama alivyosimuliwa, kwamba wahunzi wa Nandi ni kizazi cha wakimbizi wa vita hivyo. Basi, Kogo, hata chuma cha mama yako, waya wake huenda ulikuja na msafara, na mkono ulioukunja ukafunzwa na mkimbizi wa Kimasai.

KOGO: Na maana yake?

MWALIMU: Maana ni yenu.

KOGO: Afadhali. Nilidhani leo nitatoka hapa mikono mitupu.

MWALIMU: Na kuna waya wa tatu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kando yake zikasimamishwa nguzo za telegrafu. Wanandi waliukata waya ule wakaufanya vikuku na mapambo ya shingo, na boliti za reli wakazifanya silaha. Wakoloni waliuhesabu wizi huo miongoni mwa sababu za kuleta majeshi, mara moja baada ya nyingine, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen kwenye mkutano ulioitwa wa amani.

KOGO: Wizi, mwalimu? Waya ulipita juu ya malisho yetu bila kupiga hodi. Kitu kikianguka kwenye shamba lako, na hakuna aliyekuomba njia, utamtafuta mwenyewe umrudishie?

MWALIMU: Naeleza walivyoandika wao, Kogo. Hukumu nakuachia wewe.

MWANAFUNZI: Ngojeni, sasa nimewapata. Mnakubali waya wa telegrafu ulikuwa wa Mwingereza asubuhi, na jioni ukawa pambo la Kinandi. Hakuna anayelalamika. Tena naona mwalimu anausimulia kwa fahari. Sarafu ya Austria ikawa kikuku cha Lamu, sarafu ya Marekani ikawa bangili ya Mnavajo. Mbona basi sufuria ya leo isiwe pambo la Kikalenjin? Mlango huu wa kuingiza vya wageni ulifungwa lini, na nani ana ufunguo? Wahenga wamesema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nasema bangili yangu ni changa, haina kosa jingine.

MWENYEKITI: Hapo meza ilinyamaza. Nikahesabu chai zilizopoa. Hoja ya mwanafunzi ilikuwa imegeuka kuwa nzito kuliko ile aliyoanza nayo, na nikataka mzee wa Lamu, ambaye chakula chake kimetokana na kazi hii, ndiye amjibu.

SONARA: Mwanangu, umesema vizuri, na sehemu kubwa nakukubalia. Mlango haukufungwa. Lakini tazama tofauti moja. Yule kijana wa Kinandi aliyevaa waya wa telegrafu alijua ni waya wa telegrafu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake: ameutoa kwa Mzungu. Bibi arusi wa Lamu alijua fedha yake ni reale, kwa sababu reale zilipimwa mbele yake. Tumtu anajua ni sufuria, na mteja wake anajua. Hakuna aliyedanganywa. Bangili yako umeuziwa kwa jina la fedha. Cha kuazima hakistiri maungo, na jina la kuazima ndilo kabisa. Siku ya shida, huyo dada yako akiipeleka kwa sonara mjini, atarudi analia.

MWALIMU: Na liko jina jingine la kuazima pale. Mchuuzi alisema ni ya asili ya Kalenjin. Jina lenyewe Kalenjin, maana yake "nawaambia", lilienea kuwa la wote miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtangazaji John Chemallan alipolitumia redioni na wanafunzi wa shule ya Alliance wakalishika. Kabla ya hapo mtu alikuwa Mnandi, Mkipsigis, Mkeiyo, Mtugen, Mmarakwet. Kwa hiyo hicho kibandiko cha "asili ya Kalenjin tangu kale" kina umri sawa na Kogo.

KOGO: Na mimi si wa kale sana.

MWALIMU: Nimeyaona mapambo ya sampuli hii Nairobi, kwenye soko la Kimasai linalohamahama. Pale yanaitwa ya Kimasai. Hapa yanaitwa ya Kikalenjin. Pambo halijabadilika, limebadilika basi lililomshusha mnunuzi. Hilo silo lile la waya wa telegrafu. Mnandi alichukua kitu cha mgeni akakipa maana yake. Huyu amechukua maana ya wenyeji akaibandika kwenye kitu chochote kilichong'aa.

MWANAFUNZI: Lakini mwalimu, wewe unatunyima. Umetoa madini, umetoa mkono, sasa unatoa hata jina. Tukimaliza, Mkalenjin atasema nini akiulizwa fedha yake iko wapi?

KOGO: Atasema iko kwa Kipchoge.

MWENYEKITI: Fafanua, Kogo.

KOGO: Fedha ya kweli mimi sikuiona ikiletwa na majahazi wala reli. Niliiona ikiletwa na miguu. Mwaka ule wa Mexico tulikaa kwenye redio. Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1500, na ya mita 5000 akapata fedha. Wakasema na kijana wa Kericho, Kiprugut, naye amepata fedha.

MWALIMU: Wilson Kiprugut Chuma, mita 800, mwaka 1968. Ndiye aliyekuwa ameiletea Kenya medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, ile ya shaba, Tokyo 1964.

SONARA: Jina lake Chuma, akavikwa shaba, akavikwa fedha! Huyu angekuwa Lamu tungemwajiri.

MWALIMU: Tena niwaongezee. Medali ya dhahabu ya Olimpiki si dhahabu. Ya dhahabu tupu ilitolewa mara ya mwisho Stockholm mwaka 1912. Siku hizi kanuni inataka iwe na fedha isiyopungua asilimia 92.5, na dhahabu ya juu yake ni gramu 6 hivi. Kwa hiyo hata dhahabu za Beatrice Chebet na Faith Kipyegon kutoka Paris mwaka 2024, kwa mizani ya sonara, ni fedha. Na katikati ya kila medali ya Paris walitia kipande cha chuma cha gramu 18, kilichotoka kwenye mnara wa Eiffel.

KOGO: Chuma?

MWALIMU: Chuma, Kogo. Katikati kabisa.

KOGO: Basi mama yangu hakukosea.

MWANAFUNZI: Hiyo si haki. Medali si pambo la kabila.

KOGO: Inavaliwa wapi?

MWANAFUNZI: Shingoni.

KOGO: Anaivaa nani? Mtu yeyote?

MWANAFUNZI: Aliyeshinda.

KOGO: Na akirudi, uwanja wa ndege wa Eldoret, anavikwa nini juu yake? Sinendet, ule mmea unaotambaa, tunaouzungusha kichwani na shingoni mwa aliyerudi na ushindi. Kisha anapewa mursik, maziwa ya mtindi, kwenye kibuyu kiitwacho sotet. Fedha ya mgeni, jani letu, maziwa yetu. Kila anayetazama anajua maana yake, hata mtoto. Wewe ulisema pambo ni nini tena?

SONARA: Kwetu tunasema chanda chema huvikwa pete. Hawakuanza na pete, walianza na chanda.

KOGO: Na jambo la mwisho, mjukuu wangu, kwa sababu ni dada yako anayeolewa. Kwa mila yetu, siku yenyewe ya kufunga ndoa, baada ya koito na mengine yote kwisha, bibi arusi na bwana arusi walifungwa mkononi nyasi. Segutiet. Nyasi ya malishoni, haiuzwi, haina fundi, haitoki Austria. Inakauka ukiitazama. Na ndoa ile ilikaa. Ukitaka kumpa cha asili, mwulize mama yako kama anakumbuka nyasi yenyewe ni ipi, maana wasichana wengi wa sasa nikiwapeleka malishoni hawaijui.

MWANAFUNZI: Kogo, hata mimi siijui.

KOGO: Najua. Kesho njoo na gumbuti, kuna umande.

MWENYEKITI: Kiti kina wajibu wa kutoa hukumu, na yangu ni hii. Hoja imeanguka, na imeanguka kwa maneno yake yenyewe. "Pambo la fedha ni mali ya asili ya kabila" imeshindwa Lamu, ambako fedha ilivaliwa kwa karne nyingi bila mgodi hata mmoja, na imeshindwa Cheptiret, ambako fedha ilifika kwanza ikiwa kodi. Wakalenjin hawakuwa na pambo la fedha. Walikuwa na chuma kilichopakwa mafuta, waya uliokatwa kwenye nguzo, na nyasi. Kwao hilo si pengo linalohitaji kuzibwa kwa alumini.

Lakini mwanafunzi hakushindwa chote. Swali lake kuhusu mlango lilikuwa swali bora la siku, na jibu nililolisikia mezani ni kwamba mlango uko wazi kwa mwenye kusema ukweli. Kama mafundi wa Uasin Gishu wataamua kesho kufua alumini, wakaipa umbo lao na siku yake ya kuvaliwa, vitukuu wetu watakuwa na haki ya kuiita yao. Itachukua muda, na itahitaji fundi anayejulikana. Kibandiko cha barabarani hakitoshi.

Tumekwisha kuona, kwa jambo jingine, watu wa huku wanadai kitu gani wanapodai urithi wao. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel, zilizochukuliwa siku alipouawa, zilirudishwa kutoka Uingereza. Ni fimbo za mti. Sonara asingezipa bei. Zilipokelewa kwa heshima ambayo sarafu elfu za Maria Theresa zisingeipata, kwa sababu kila mtu alijua zilikuwa mkononi mwa nani.

Basi, ndugu mchuuzi wa kitambaa cheusi, andika alumini, na utauza tu, maana kazi ni nzuri. Nawe msomaji mwenye bibi aliye hai, mwulize leo majina ya vitu alivyovaa mama yake, uandike jina la kila kimoja, mahali pa kukivaa na siku ya kukivaa. Miaka kumi ijayo hakutakuwa na wa kumwuliza. Na ukiuziwa fedha barabarani, unahitaji mizani ya majani ya chai, glasi ya maji na bomba la sindano.

Bangili ile ingekuwa fedha, ingekuwa na gramu 52 na nusu. Ilikuwa na 14. Mwanafunzi ameamua kumvisha dada yake hivyo hivyo, na kabla ya kumvisha atamwambia kwamba ni sufuria.